Maharagwe ya Madoadoa na Methali ya Mheshimiwa

Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza mahakama ilinipa saa ya ukutani, na mara ya pili kampuni ikanipa kikombe chenye picha ya kidole gumba kilichosimama. Saa ilikufa kitambo. Kikombe nakipimia mchele. Achieng, aliyekuwa mkubwa wangu katika kazi hii ya pili na ambaye kiumri ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, ameniomba niwaandikie ninyi mlioingia juzi, maana anasema mnakuja mkidhani kuchuja maneno ya watu mtandaoni ni kubonyeza tu. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba asinikate hata neno. Jina la kampuni silitaji. Niliapa, na mimi nimewaona watu wengi sana wakila kiapo asubuhi na kukitapika kabla ya chakula cha mchana. Sitaki kuwa mmoja wao.

Miaka mingi nilikuwa mkalimani wa mahakama: Kikamba kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza, na matusi kwenda lugha yoyote aliyoitaka hakimu. Mkalimani hapunguzi wala haongezi. Mtu akimwita mwenzake punda, nami husema punda, bila kicheko, nikitazama ukuta. Umri ulipofika nilirudi nyumbani kwangu, mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi, nikajaribu kupumzika. Kupumzika kukanishinda. Nilikuwa nikiwasahihisha wachuuzi Kiswahili chao hadi wakaanza kupitia njia nyingine. Ndipo Mwende, binti yangu, alipoona tangazo la kazi: wanatakiwa watu wanaojua Kiswahili, Kiingereza na lugha moja ya nyumbani. Umri haukutajwa. Nadhani hawakuwaza kwamba mtu wa rika langu angeomba.

Siku ya kwanza nilivaa suti yangu ya mahakamani, ile ya kijivu. Mlinzi wa lango akanisalimu kwa heshima zote, kisha akanielekeza mlango wa nyuma wanakoingilia watu wa usafi. Sikubishana naye. Baadaye majirani waliponiuliza nimepata kazi gani, na mkataba ulikuwa umenikataza kusema, nilimkumbuka yule mlinzi nikajibu, "Nasafisha." Si uongo. Basi Kongo nzima ikajua kwamba mkalimani wa mahakama ameishia kushika ufagio, na watu wema wakaniletea sabuni Krismasi.

Ndani nilikuta ukumbi wa vijana wenye vipokea sauti vikubwa masikioni na nywele za rangi ambazo sikujua kama zinauzwa. "Niaje, mathe!" wakanisalimu, yaani habari, mama. Nikajibu, "Sijambo." Ukumbi mzima ukacheka.

"Mathe, hapa ukiulizwa niaje unasema poa," Achieng akaniambia, akinivutia kiti. "Sijambo ni ya mtihani wa darasa la nne."

Achieng alizaliwa Gatwekera, kule Kibera, na kazini alikuja kwa miguu. Nyumba yao na ya jirani zilitenganishwa na bati moja tu, kwa hiyo tangu utotoni alijifunza kutambua, kwa sentensi moja iliyopenya ukutani, kama watu wanagombana au wanataniana. Alikuwa akisema kampuni ilimfundisha kompyuta tu, kazi yenyewe alikuja nayo kutoka nyumbani. Nimefundishwa na watu wengi, wengine wakali kama pilipili, lakini huyu msichana ndiye niliyeogopa zaidi kumkosea. Hakuwa na hasira. Alikuwa akikutazama tu, halafu anasema, "Mathe, kweli?" na unatamani ardhi ipasuke.

Vifaa vyetu mnavijua. Skrini, na vitufe vitatu: Acha, Toa, na Peleka Juu. Mashine ndiyo husoma kwanza, kisha inatuletea yale yanayoiogopesha, na mashine ile ni mwoga ajabu. Wiki yangu ya kwanza iliniletea mwenye bucha wa mtaa wa Ayany aliyeandika, "Leo tunachinja, msikose." Iliniletea mashabiki wa mpira walioahidi kuwaua watu Jumapili bila huruma, mabao matatu kwa nunge. Iliniletea mchungaji aliyekuwa akipiga kelele "Moto! Moto! Teketeza!" kumbe anawaombea wagonjwa. Msichana mmoja alimwandikia mwenzake, "Wee, umeniua, nimekufa kabisa," na mashine ikamtumia nambari ya simu ya washauri wa watu waliokata tamaa. Alikuwa amechekeshwa na picha ya mbuzi.

"Acha, acha, acha," Achieng alikuwa akisema akipita nyuma ya viti vyetu. "Mathe, ukisoma kila kitu kama ushahidi wa korti utazeeka."

"Nimeshazeeka."

"Basi utazeeka tena."

Kesi za siasa ndizo zilizonitoa jasho. Kwenye mafunzo tuliambiwa kampuni haina upande. Tuliambiwa pia kuna maneno yasiyo na mjadala: yakionekana yanatolewa, na ukurasa wa aliyeyaandika unafungwa. Mojawapo lilikuwa madoadoa.

Kwa ninyi mliokulia mbali na mambo haya, neno lenyewe halina kosa. Chui ana madoadoa, na shati la mtoto aliyekula embe lina madoadoa. Lakini kuna majira ambapo mwanasiasa hupanda jukwaani akasema eneo letu lina madoadoa na lazima yatolewe, na hapo hazungumzii kufua nguo. Anazungumzia watu, wale waliokuja kutoka kwingine. Mimi neno hilo nimewahi kulitafsiri mahakamani, katika kesi ambayo mlalamikaji hakufika kwa sababu alikuwa ameshazikwa. Kwa hiyo msinisome vibaya. Nilipoliona kwenye orodha ya kampuni nilifurahi kwamba huko ng'ambo kuna mtu aliyejua.

Sasa nije kwa Mama Brayo. Huyu anapika githeri, mahindi na maharagwe, pale Kongo, kwenye kibanda kilicho mkabala na ploti yangu. Alikuja Nairobi kutoka upande wa magharibi akiwa msichana, na mdomo wake ulifika siku mbili kabla yake. Mbele ya kibanda unapita mtaro wa maji machafu. Mheshimiwa, MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi, aliahidi kuufunika kampeni mbili mfululizo, na kampeni ya tatu akaja kuuahidi tena, akapigwa picha ameusimamia kama mtu anayevuka mto. Mama Brayo akamtazama, mwiko mkononi, akasema, "Hii imetosha. Mimi mwenyewe nasimama." Watu wakacheka. Kufikia wiki iliyofuata hawakuwa wanacheka tena, kwa sababu alikuwa ameshapata karatasi za tume ya uchaguzi na akawa mgombea kamili.

Hakuwa na mabango. Uso wa Mheshimiwa ulikuwa kwenye kila nguzo ya stima, hata ile iliyoanguka. Mama Brayo alikuwa na simu, na ukurasa mtandaoni aliokuwa ameufungua zamani wa kutangazia githeri. Kila asubuhi alijirekodi akikoroga sufuria: kwanza anasema githeri imeiva, halafu anasema mtaro bado uko wazi, halafu anaomba kura. Watu walimpenda. Wapangaji wa ploti zote, watu wa kila upande wa nchi wanaoamka mapema kutafuta kibarua, walikuwa wakimsikiliza wakipiga mswaki. Ukurasa huo ndio ulikuwa jukwaa lake lote.

Wiki mbili kabla ya kura, wateja walimlalamikia kwamba maharagwe yake ya madoadoa ni magumu, yanakaa tumboni kama changarawe. Akayatoa, akaweka yale mekundu madogo ambayo sokoni tunayaita Wairimu. Asubuhi akaandika hivi, neno kwa neno: "Watu wangu wa Kongo, leo nimetoa madoadoa yote. Sufuria ni safi. Imebaki Wairimu peke yake. Kujeni mapema, na kura msisahau."

Mashine iliposoma hayo karibu izimie. Madoadoa yametolewa, pamekuwa safi, na amebaki mwanamke mmoja mwenye jina la kabila fulani. Kijana wa zamu nyingine akabonyeza Toa, na ukurasa ukafungwa. Simlaumu. Orodha ilisema toa, akatoa, na githeri ya Kongo hajawahi kuionja.

Mimi nilipata habari kama mteja yeyote, sahani mkononi.

"Mama Mwende, si unaona dunia?" Mama Brayo alikuwa akipiga kelele hadi ng'ambo ya mtaro. "Mtu ako huko majuu, hajawahi osha hata kijiko, ananiambia githeri yangu inaleta vita! Ati nimevunja kanuni za jamii. Jamii gani? Jamii si ndiyo hii inakula?"

"Hukukata rufaa?" nikamwuliza.

"Nilibonyeza pale wameandika kama haukubaliani. Ikaniambia asante." Akaninyunyizia chumvi bila kuulizwa. "Na wewe, bado unawaoshea huko kwa ofisi yenu?"

"Bado."

"Uchafu ni mwingi?"

"Haupungui."

"Pole, mama. Uwe ukivaa glavu."

Nilirudi nyumbani nimejawa na aibu na hasira kwa pamoja. Sheria yetu inasema ukimjua mwenye chapisho, huruhusiwi kuligusa, na sheria hiyo ni nzuri; mahakamani pia tulikuwa nayo. Asubuhi nikampelekea Achieng kesi hiyo. Aliposoma alicheka hadi akashika meza, halafu akaacha kucheka ghafla. "Huyu anapigiwa kura wiki ijayo," akasema. Akaipeleka juu siku hiyohiyo.

Tukiwa bado tunasubiri, mashine ikaniletea chapisho la Mheshimiwa. Watu kadhaa walikuwa wameliripoti. Ilikuwa picha yake ameshika jembe jipya, anatabasamu, na chini yake Kiswahili safi ambacho hata mimi singekisahihisha: "Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndugu zangu wa Kongo, ya tatu imefika. Tunawatakia wageni wetu safari njema."

Nililisoma mara tatu. Hapakuwa na tusi. Hapakuwa na neno hata moja la kwenye orodha. Lilikuwa na wahenga, lilikuwa na ndugu, lilikuwa na dua ya safari. Na mimi, niliyetoka Kitui na nikakaa Kongo hadi nywele zikawa mvi, nilijua ni mimi ninayeagwa. Kila mpangaji wa Kongo alijua mgeni ni nani. Methali inampa mgeni jembe ili alime na wenyeji. Yeye alikuwa anawapa jembe na safari kwa mkono mmoja, na mtu hasafiri na jembe. Nilibonyeza Peleka Juu kwa nguvu hadi Achieng akageuka.

Tukaitwa kwenye kikao cha video na Bwana Patrik, msimamizi wa sera, aliyekuwa huko ng'ambo. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Nawatafsiria kama nilivyozoea. Tulianza na maharagwe. Achieng alikuwa na msemo kwamba sera haibishiwi, inalishwa ushahidi. Kwa hiyo tulikuja na picha za maharagwe ya aina zote mbili, tumeyapanga juu ya karatasi nyeupe kama washukiwa.

"Wairimu ni nani?" Bwana Patrik akauliza.

"Ni maharagwe," nikasema.

"Ana ukurasa?"

"Hapana. Ni maharagwe mekundu, madogo. Yanaiva haraka."

Akaandika. "Na anamuunga mkono mgombea gani?"

Achieng akazima maikrofoni yetu, akacheka kwenye kiwiko, akaiwasha tena.

Msidhani Bwana Patrik alikuwa mjinga. Tulipomweleza mara ya pili alielewa, akacheka mwenyewe, akasema hata kwao kuna viazi vyenye jina la mfalme. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu. "Nitajuaje kwamba hakumaanisha yote mawili?"

"Mwulizeni," nikasema.

"Hatuna utaratibu wa kumwuliza mtu."

Nikadhani sikusikia vizuri. Mahakamani hata mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani, manyoya bado mdomoni, huulizwa kama ana la kusema. Nilimwambia hivyo. Akaniambia mahakama yangu ilikuwa na washtakiwa wachache kwa siku, yeye ana nusu ya dunia. Hapo alikuwa na haki kidogo, na nikamchukia kidogo kwa kuwa nayo.

Tukaingia kwenye methali. Alikuwa nayo imeshatafsiriwa, na tafsiri ilikuwa sahihi kabisa: kuhusu ukarimu na kufanya kazi. "Ni urithi wa utamaduni," akasema. "Ninyi wenyewe mliwahi kutuandikia tusifute methali."

"Tafsiri ni sahihi," nikamjibu. "Mdomo ndio mbaya."

"Lakini mdomo huo ulichaguliwa. Sera yetu inasema maneno ya kiongozi aliye madarakani yaachwe, hata yakiwa mabaya, kwa sababu wananchi wana haki ya kuona anachosema." Akavua miwani. "Mama, tukianza kufuta maneno ya mtu mliyemchagua wenyewe, kesho mtaniuliza sisi tulipigiwa kura na nani. Na mtakuwa mmeuliza vizuri."

Achieng akaingilia kati.

"Na Mama Brayo?" akasema. "Yeye naye anaomba kuchaguliwa. Yake mmefuta."

"Ndiyo," Bwana Patrik akasema, na nadhani alijisikia mwenyewe alipokuwa akilisema. "Yeye bado ni mtu wa kawaida."

Kikao kikaisha kwa kuahidiwa kwamba suala la maharagwe litashughulikiwa. Methali ikaachwa pale pale ilipo.

Kwa kuwa wao hawakuwa na utaratibu wa kumwuliza mtu, jioni nilikwenda kumwuliza mimi, kama mteja. Nilingoja watu wapungue. "Mama Brayo, ulipoandika madoadoa, ulikuwa unafikiria maharagwe tu?"

"Ningefikiria nini, mananasi?"

"Ile nyingine. Ya watu."

Akaacha kukoroga. "Ile? Si naijua! Nani hajui? Mimi mwenyewe nimewahi kuitwa hivyo, nikiwa na mtoto mgongoni." Akaugonga mwiko ukingoni mwa sufuria, hasira ikarudi mahali pake. "Lakini maharagwe sasa yataitwa aje? Wanasiasa ndio waliiba jina kwa sufuria yangu, halafu mimi ndiye ninafungiwa? Si hiyo ni kama kuibiwa kuku na unashtakiwa kwa kelele?"

Kesho yake nilimpa Achieng maneno hayo yote. Tulitafuta pa kuyaandika. Pale kwenye rufaa palikuwa na nafasi ya aina ya kosa, ya lugha, ya nchi, hata ya hali ya picha. Pa kuandika alichosema mwenyewe hapakuwa. Achieng akayabana kwenye "Mengineyo", akapeleka, na skrini ikamjibu kwamba suala liko kwenye foleni. Kila asubuhi alikuwa akilisukuma tena kabla hajavua hata sweta. Kila asubuhi foleni ilikuwa palepale. Siku moja nilimkuta akiitukana skrini kwa Kijaluo, taratibu, kwa adabu, na nikajua mambo ni mabaya.

Kule Kongo methali ilikuwa ikifanya kazi yake. Hakuna aliyepigwa. Hakuna jiwe lililorushwa, na ndiyo maana hakuna gazeti lililoandika. Wenye ploti wawili watatu waliwaambia wapangaji kwamba nyumba zinatakiwa kukarabatiwa, mara moja. Vijana wa Mheshimiwa walipita wakisalimia watu mlangoni: "Safari njema, mzee. Safari njema, mama." Kwa upole kabisa. Jirani yangu Baba Kevo, fundi viatu, nilimkuta akifunga godoro kwa kamba.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Kusalimia wazee nyumbani."

"Na sufuria zote?"

"Wazee wanakula sana," akasema, na hakunitazama.

Mama Brayo, baada ya kuona ukurasa haufunguki, alichukua mfuniko wa sufuria na mwiko akaanza kupita ploti kwa ploti akiupiga. Nilimfuata siku moja baada ya kazi. Alikuwa amepoteza sauti, anaongea kama bata. Kwenye ploti ya pili tulikuta milango minne ina makufuli. Kwenye ya tatu, mitano. Alisimama pale uani, mfuniko umening'inia mkononi. "Hawa wote walikuwa wangu," akasema. "Hawa ndio walikuwa wakinisikiliza asubuhi. Ningekuwa na ile page ningewaambia wasiende. Ningewaambia tu, kaeni, mimi niko." Nilitamani kumwambia kwamba kuna msichana wa Gatwekera anayemsukumia rufaa yake kila siku. Kiapo kilikuwa kimenifunga mdomo. Nilimshikia mfuniko tukaendelea.

Alishindwa. Si kwa kura nyingi. Zile ploti mbili zenye makufuli zingeziba pengo lote na chenji ikabaki. Mheshimiwa alishukuru wahenga na wapiga kura, kwa mfuatano huo.

Sasa mnaniuliza, na najua mtaniuliza kwa sababu Achieng anasema kila anayeingia huuliza: je, kampuni hizi ziruhusiwe kufuta maneno ya siasa? Mimi niliyelilia maharagwe ndiye yuleyule niliyetaka methali ifutwe, tena haraka, na ingefutwa ningepiga vigelegele. Kwa hiyo siwezi kujifanya malaika wa uhuru wa kusema. Kuna maneno yanaua, na mtu akiniambia yaachwe yote nitamwomba aende akamwambie yule mlalamikaji aliyezikwa. Lakini mtu anayefuta asiyeweza kuulizwa, na asiyekuuliza, na anayemheshimu mwenye kiti kuliko anayekiomba, huyo hata akifuta vizuri mara tisa, ya kumi inatosha kuharibu mtaa. Kama ni lazima wafute, basi wafute karibu na sufuria, wasikie harufu ya kinachopikwa. Na wamwulize mwenye mdomo. Nyinyi mlio kwenye viti vile, msipopewa nafasi ya kuandika alichosema mtu, kiandikeni kwenye "Mengineyo". Pambaneni na hiyo "Mengineyo" mpaka waipanue.

Jumatatu baada ya kura nilikuwa kibandani asubuhi, nasubiri githeri, wakati simu ya Mama Brayo ilipolia mlio wa ujumbe. Alikuwa amelowa mikono, akanisukumia kwa kiwiko. "Soma, wewe ndiye wa Kiingereza."

Nikasoma, nikamtafsiria. "Tumepitia upya uamuzi wetu, na tumeona kwamba tulikosea. Ukurasa wako umerudishwa. Samahani kwa usumbufu wowote."

Mama Brayo aliendelea kukoroga. Sauti yake ilikuwa bado haijarudi vizuri. "Wamerudisha kila kitu?"

"Kila kitu. Picha, video, hata ile ya madoadoa."

"Na kura?"

Nikamnyoshea simu yake.

"Angalia vizuri, Mama Mwende. Kura wamesema wanarudisha lini?"

Niliuteremsha ujumbe kwa kidole hadi chini kabisa, nikaupandisha, nikauteremsha tena. Palikuwa na nyota tano tupu, na swali kama ameridhika na huduma. Kuhusu kura hawakuwa wameandika kitu.